Mkono Usiosikia Moto

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Kisu alimsaidia baba yake kufungua bucha. Kisu si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na darasa la sita, na wala si kwa sababu baba yake alikuwa muuza nyama. Sababu ilikuwa ulimi. Walisema ulimi wa binti yule ungeweza kumnyoa beberu ndevu akiwa mbioni, na beberu asijue mpaka afike nyumbani aulizwe na wenzake.

Baba alitundika mapaja kwenye ndoana, Kisu akamwaga maji sakafuni na kuisukuma damu ya jana kwa fagio mpaka mferejini. Kisha baba alichukua chuma chake cha kunolea visu, kirefu, chenye mpini mzito wa pembe, akapitisha kisu huku na huku, shwaa, shwaa, mpaka paka wa mtaa mzima wakaja kupanga foleni kwa adabu kuliko wateja.

Hapo ndipo Kisu alipofanya mchezo wake. Aliuweka mezani mguu wa ng'ombe uliokatwa gotini, akaishika kano, ile kamba nyeupe ngumu inayochungulia mahali palipokatwa, akaivuta. Kwato likainama.

"Shikamoo, mama!" alisema kwa sauti nzito ya ng'ombe.

Wateja walicheka. Mama mmoja aliwahi kuitika "marahaba" kabla hajajua anamwitikia nani, na tangu siku hiyo alinunua samaki.

"Umeona?" baba alimwambia bintiye. "Nyama huvuta, kano hufunga, mfupa hufuata. Basi. Mengine makapi."

Akachomoa katikati ya nyama uzi mweupe, laini, mwembamba kama utambi wa taa, akawatupia paka.

"Na huo ni nini, baba?"

"Huo hauna kilo, mwanangu. Achana nao."

Kisu akaachana nao, akaenda shule akiamini kwamba yote yaliyomo ndani ya mkono na mguu anayajua yeye. Asubuhi ile alikwenda na kitu kingine pia. Baba alipogeuka kuhudumia mteja, alikichomeka kile chuma cha kunolea ndani ya mkoba wake, ili akawaringishie wenzake.

Darasa la sita lilikuwa na mchezo wake. Kwingine anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Wao walishachoka na miji. Walisema miji yote imekwisha kutolewa, vimebaki vichaka tu. Kwa hiyo kwao aliyeshindwa alitoa kiwiko. Aliukunja mkono juu ya dawati, naye mtega kitendawili akamgonga kwa kifundo cha kidole pale nyuma ya mfupa, ndani ya kiwiko. Umeme ulikimbia mpaka kidole cha mwisho, mtu akaruka kama panzi kikaangoni, na darasa zima likapiga kelele: "Umeme umerudi!" Sheria zilikuwa mbili. Kulia marufuku. Na mchongezi atatoa viwiko vyote viwili, mbele ya watu.

Wiki ile Kisu alikuwa na kinyongo. Aliomba kazi ya kuandika chati za sayansi za kubandika ukutani. Mwalimu wa sayansi, ambaye wanafunzi walimwita Kwanini kwa jinsi alivyouliza, alimjibu mbele ya wote kwamba mwandiko wake ni wa kuku aliyekunywa wino. Kazi akampa Shoto. Huyu alikuwa mtoto wa mama fundi cherehani, mpole, akiandika kwa mkono wa kushoto mistari iliyonyooka kama mshono wa mama yake.

Wakati wa mapumziko Kisu alipanda juu ya dawati.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Alikufa jana, leo ananiamkia. Shoto, jibu wewe."

Shoto alikuna kichwa. "Mzimu?"

"Wapi! Mguu wa ng'ombe, buchani kwetu. Nipe kiwiko."

Shoto alinyoosha mkono wa kulia. Kisu akausukuma pembeni.

"Huo wa kulia peleka kwa shangazi yako. Nataka ule unaoandikia."

Akachomoa chuma, akakigeuza, mpini wa pembe ukatangulia.

"Kwa hicho, Kisu?" Shoto aliuliza polepole.

"Unaogopa? Mbona ng'ombe mzima hakuogopa?"

Darasa lilicheka. Shoto aliukunja mkono, akafumba macho. Mpini ukashuka, ko! Shoto hakuruka. Alikakamaa tu.

"Umeme haujafika," Kisu alisema, akaushusha mpini tena, kwa nguvu ya mtu anayepasua mfupa wa supu.

Safari hii Shoto alipauka midomo. Hakulia. Aliushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, akarudi kwenye dawati lake. Makofi yalipigwa. Kisu akainama kama mfalme, na jioni akakirudisha chuma mahali pake. Baba hakujua.

Siku zilizofuata, kidole cha mwisho cha Shoto kilikufa ganzi, na cha pete kikafuata nusu yake. Kisha vyote viwili vikaanza kujikunja vyenyewe. Kalamu ikamponyoka. Chati zikatoka zimepinda.

"Hii nini?" Mwalimu Kwanini aliinua karatasi darasa zima lione. "Umeandika, au umepangusia kikaango?"

"Mkono, Mwalimu. Haushiki."

"Kwa nini haushiki?"

Shoto alitazama chini. Alizikumbuka sheria mbili.

"Mtihani ukikaribia, uvivu huhamia vidoleni," Mwalimu alisema. "Lete hivyo vidole."

Fimbo ikatua kwenye kidole cha mwisho. Shoto hakukunja hata uso. Mwalimu akaona ni jeuri, akaongeza. Shoto akaendelea kukitazama kidole chake, kwa mshangao, kana kwamba kinapigwa cha jirani.

"Ndoana!" Kisu alinong'ona nyuma. "Vidole ndoana! Tukamtundike buchani!"

Jina lilinata kabla ya kengele ya mchana. Walimtundikia mikoba kwenye vidole vile, na ilipoanguka walimwambia ndoana yake ni ya bei rahisi. Kisu alicheka kuliko wote.

Wiki kadhaa baadaye Mwalimu alimwagiza Kisu mguu wa mbele wa mbuzi, na nyama yake. Somo lilikuwa misuli na neva. Kisu aliufikisha kwa fahari, akausimamia kama mlinzi.

Mwalimu Kwanini alikuwa na fimbo mbaya, lakini somo alilijua. Alichukua kipande cha nyama iliyochemshwa, akakichambua kwa sindano.

"Nyama mnayokula ni misuli. Ona, ni fungu lenye mafungu. Ndani ya kila fungu kuna nyuzi, na kila uzi ni seli moja, ndefu. Ndani ya uzi kuna nyuzi ndogo zaidi, na ndani ya hizo kuna vijiti vyembamba na vinene ambavyo jicho halivioni. Leteni mikono. Ingizeni vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mwingine, hivi. Sasa visukumeni viingie ndani zaidi. Vidole vimekuwa vifupi?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Lakini mikono imekaribiana. Ndivyo msuli unavyojikaza. Vijiti havifupiki, vinateleza vikaingiliana, na msuli mzima ukafupika ukavuta mfupa. Huvuta tu, hausukumi. Ndiyo maana misuli huenda miwili miwili. Mmoja hukunja mkono, mwenziwe hunyoosha."

"Kama mke na mume wakigombania shuka," alisema mmoja, na hata Mwalimu akacheka.

"Haya, nani anauambia msuli vuta?"

Kisu alinyanyua mkono. "Hauambiwi, Mwalimu. Nyama huvuta yenyewe."

"Basi mwambie mbuzi huyu atembee."

Darasa liliangua kicheko. Kisu akakaa, masikio yakimchoma. Mwalimu aliingiza sindano katikati ya misuli, akainua uzi mweupe, laini. Kisu aliutambua. Ndio ule usio na kilo.

"Hii ni neva. Ndani yake kuna mikia ya seli za neva, maelfu, imefungwa pamoja. Seli ya neva ina kiwiliwili chenye matawi ya kupokea habari, na mkia mrefu wa kuzipeleka. Seli inayoamuru kidole chako cha mwisho ina kiwiliwili chake ndani ya uti wa mgongo, na mkia wake unateremka mpaka mkononi. Mkia umevikwa ganda la mafuta kama waya wa umeme, ili habari ikimbie. Ukifika kwenye msuli, haugusi. Pana upenyo mdogo mno. Neva hutema kemikali, ikavuka upenyo, na msuli ukajikaza. Na mikia mingine inarudisha habari juu: hapa pana moto, hapa pana mwiba. Amri zinashuka, habari zinapanda. Ukate uzi huu, misuli inabaki nyama tu."

Shoto aliuliza kutoka mbele, bila kugeuka. "Na ukipondwa, Mwalimu? Bila kukatwa?"

"Habari hazipiti. Kwa mfano, mkijigonga kiwiko mnasikia umeme, sivyo? Si mfupa huo. Ni neva, inapita hapo nyuma ya mfupa chini ya ngozi, haina hata mto wa nyama. Ukikunja kiwiko, ndiyo inakaa uchi kabisa. Lakini kwa nini unauliza?"

Wenzao wakainamia madaftari. Shoto aligeuka, akamtazama Kisu. Kisu akajitia kufuta dawati.

"Nauliza tu, Mwalimu."

Mapumziko yalipoanza, Kisu alimfuata nyuma ya ukuta.

"Ukisema, viwiko viwili."

"Sijasema."

"Na usithubutu."

"Sisemi," Shoto alijibu. "Lakini sasa unajua. Hata Mwalimu hajui. Wengine walipiga makofi tu, wewe uliyegonga ndiye unayejua ni wapi."

Keshoye asubuhi mlango wa darasa ulifunguliwa bila hodi. Mama fundi aliingia, tepu ya kupimia ingali shingoni, akimvuta Shoto kwa bega. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe.

"Mwalimu, wewe ulinitumia salamu kwamba mwanangu ni mvivu. Njoo uone uvivu."

Akafungua kitambaa. Kidole cha mwisho kilikuwa kimevimba lengelenge kuanzia ncha hadi kiganjani, chekundu, kinang'aa.

"Nimeukanda huu mkono kila jioni kwa maji ya moto, vidole vilegee," alisema. "Jana nikautumbukiza upande huu wa kidole cha mwisho bila kuonja maji. Nikamwacha, nikarudi kwenye cherehani. Hakulia, Mwalimu. Alikaa ananitazama! Nilipoutoa, ngozi inateleza. Nikamuuliza, mbona hukuutoa mkono? Unajua alinijibu nini?"

"Kidole hakikuniambia, mama," Shoto alirudia taratibu.

"Mkono wa supu!" mtu alisema nyuma, na wachache wakacheka.

Kisu hakucheka. Alikitazama kile kidole, akageuza uso, yeye ambaye buchani hakuwahi kugeuzia uso nyama yoyote.

"Zahanati wameniambia nipake dawa ya vidole," mama fundi aliendelea. "Lakini mchana huu nampeleka kwa mkandaji. Amesema atavivuta vidole mpaka vinyooke. Vikikataa, atavivuta kwa kamba. Na baada ya hapo ataandika kwa mkono wa kulia kama watu, hata kama itabidi huu wa kushoto niufunge mgongoni. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ruhusa unayo, mama," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

Mama fundi alianza kukifunga kitambaa. Kisu aliona wote wanavyotazama vidole. Zahanati vidole, mkandaji vidole, Mwalimu vidole. Ni kama watu wanaobadilisha balbu baada ya balbu, na waya umekatika kwenye nguzo. Darasa zima liliuona waya ukikatika, lakini aliyeukata alikuwa mmoja, na akisema, baba atajua kuhusu chuma, shule nzima itajua, na viwiko vyote viwili viko hapo vinangoja. Mama fundi alishika kitasa cha mlango.

"Si vidole!" Kisu alisimama, dawati likalia. "Ni kiwiko!"

"Unasema nini wewe?" Mwalimu aliuliza.

"Nilimgonga kiwiko, Mwalimu. Alikuwa ameukunja. Nilimgonga kwa mpini wa chuma cha baba. Mara ya kwanza hakuruka, nikarudia. Niliuchagua mkono anaoandikia. Makusudi."

Mama fundi alirudi hatua kwa hatua, akasimama mbele yake, akamtazama kama kitambaa cha gharama kilichokatwa vibaya, kisichoshoneka tena.

"Siku zote hizi," alisema, "ulikuwa unanipita barabarani unaniamkia."

Kisu alitamani apigwe. Hakupigwa. Mwalimu Kwanini alikuwa ameishika fimbo. Aliitazama, akaiweka juu ya kabati, nyuma kabisa.

"Na mimi," alisema, "nilikipiga kidole hicho nikaona ni jeuri. Twende hospitali."

Njiani walimpitia muuza nyama. Alisikiliza, akavua aproni yenye damu, akaja nao. Hospitalini daktari, mama mwenye miwani na haraka, alitaka kuanza na vidole.

"Mwonyeshe mahali," muuza nyama alimwambia bintiye. Hilo tu.

Kisu alilazimika kuushika mkono wa Shoto na kuukunja kama siku ile, mbele ya mama yake, mbele ya baba yake, na kuonyesha kwa kidole. "Hapa." Daktari alimfumba Shoto macho, akampitishia pamba kwenye vidole, kimoja kimoja. Gumba, ndiyo. Cha shahada, ndiyo. Cha kati, ndiyo. Cha pete, upande mmoja. Cha mwisho, kimya. Kisha akagonga polepole mno pale kiwikoni, na Shoto akashtuka.

"Neva imepondeka, haijakatika," daktari alisema. "Mkono hautakunjwa, nitaufunga na ubao mpaka nitakaposema mimi. Na mtu asivivute hivyo vidole! Vidole havina kosa. Ona hapa katikati ya gumba na kidole cha shahada, pamebonyea. Huu msuli umesinyaa kwa kukosa amri. Ningeambiwa mapema, usingefika hapa."

"Utapona?" mama fundi aliuliza.

"Mkia wa neva uliopondwa hujikuza tena, lakini mwendo wake wa siku nzima haufiki unene wa sarafu. Na toka kiwikoni hadi kidoleni ni safari. Pengine utapona wote, pengine utabaki na udhaifu kidogo. Tusubiri."

Muuza nyama hakumchapa bintiye. Alimwacha aendelee kufungua bucha kila asubuhi, ila mtaa ulikuwa umesikia. "Nikatie wewe, baba," wateja walimwambia. "Wa huyu mkono sitaki." Shuleni, wale waliopiga makofi ndio waliokuwa wa kwanza kumtema. Walimwita Mpondaji, wakamwekea mifupa ndani ya dawati. Hakuna aliyekumbuka kwamba naye alicheka.

Kisu alijipeleka mwenyewe kwa Shoto, akamwambia atamwandikia kazi zake. Shoto hakumwambia asante wala pole. Alimtajia, naye akaandika.

"Hiyo herufi imelewa. Futa."

Akafuta.

"Sasa inatapika. Futa."

Akafuta tena. Kuna ukurasa aliouandika mpaka karatasi ikatoboka, na Shoto akamwambia aanze mwingine. Ilikuwa hivyo muhula mzima, na mtihani Shoto aliufanya kwa kumtajia mwalimu, sauti ikimkauka.

Ubao ulishafunguliwa zamani, na vidole bado vimejikunja, Kisu akaanza kuamini kwamba ndio basi. Kisha alasiri moja, katikati ya somo, Shoto aliruka juu.

"Inaniuma!" alipiga kelele. "Kidole! Kama siafu, Mwalimu! Siafu wamo ndani!"

Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya darasa zima. Wengine walianza kucheka kwa mazoea. Mwalimu Kwanini alimfikia kwa hatua kubwa, akakigusa kidole cha mwisho kwa ncha ya chaki.

"Hapa?"

"Aii! Inauma, Mwalimu!"

"Na hapa?"

"Inauma!"

Mwalimu akacheka, akamshika Shoto kichwa kwa mikono miwili. Kisu naye alikuwa analia, kalamu mkononi, na hakujali nani anamwona.

"Mbona unacheka, Mwalimu, na mwenzetu anaumia?" aliuliza mmoja.

"Kwa sababu habari zimeanza kupanda," Mwalimu alisema. Akasubiri darasa litulie. "Nisikilizeni, na mimi najiambia humo humo. Kidole hiki kilipopigwa fimbo hakikulia, kilipochemshwa hakikulia. Sisi tukakiita jeuri, tukakiita ndoana. Hakikuwa shujaa. Kilikuwa kimepoteza mawasiliano na mwili. Na darasa linalomtazama mwenzake akipondwa likapiga makofi, limekufa ganzi vivyo hivyo, pamoja na mwalimu wake. Ganzi haina maumivu, ndiyo hatari yake. Mtu wa kwanza kusikia maumivu humu ndani ni yule aliyesimama akasema 'ni kiwiko', na ukweli ulimuuma mpaka leo unamuuma. Msimcheke. Kinachouma kinapona."

Shoto alijipangusa kamasi kwa mkono wa kulia. Kisha akaunyoosha ule wa kushoto, unaotetemeka, mbele ya Kisu.

"Lete kalamu," alisema.